Kura sita si suti moja: namna ya kupiga kura ya kuwabana wenye madaraka, Lamu na Malindi

Uchaguzi ukikaribia, maswali ni yale yale. Nikimpa kura mgombea wa tatu, nimeitupa? Naweza kumpa huyu urais na yule ubunge, badala ya suti moja (chama kimoja karatasi zote sita), au nitaharibu karatasi? Mwakilishi wadi ana kazi gani zaidi ya kuhudhuria mazishi na kuchanga harusini? Na lile kubwa: sisi huku Amu (Lamu) ni watu kiganjani, kura zetu zitambana nani?

Kwa ufupi: la kwanza linategemea ni karatasi gani. La pili, waweza, na sheria haikukatazi hata kidogo. La tatu na la nne majibu yake yako humu ndani, tena uchache wenu ndio unaofanya hesabu iwezekane.

Hapa tunaeleza kura ya hesabu, ile unayopiga ili asipatikane mtu mmoja au chama kimoja cha kutumia pesa, kujipitishia bajeti na kujikagua chenyewe. Mwenye duka hakagui daftari lake. Njia hii haina chama. Upande unaobanwa leo utaitumia kuwabana wengine kesho, na ni haki yao.

Kabla ya kuanza

Uchaguzi mkuu wa Kenya ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo ujao ni Agosti 10, 2027. Kuwa na vitu hivi mapema:

- Kitambulisho chenyewe, si nakala, au pasipoti. Nenda na kile kile ulichojiandikishia.
- Jina la wadi yako na kituo chako. Usicheke, watu wengi hawajui. Kuna wadi ya Shella kisiwani Lamu na kuna wadi ya Shella mjini Malindi, kaunti mbili tofauti. Ukitafuta matokeo ya "Shella" bila kuangalia kaunti, utapiga hesabu za watu wengine.
- Matokeo ya wadi, eneo bunge na kaunti yako ya 2022, na ya 2017 ukiyapata. Anzia ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneo bunge lako.
- Karatasi, kalamu na simu yenye kikokotoo.
- Watu wanne au watano mnaoaminiana. Kura moja ya hesabu peke yake ni sadaka. Kura 150 zilizopatana ni silaha.

Kama uliandikishwa Kizingitini na sasa wakaa Langoni, amua leo: uhamishe usajili, au ukubali kusafiri. Daftari la wapiga kura hufungwa kabla ya uchaguzi, na likishafungwa huna la kufanya.

Kila karatasi inabana nini

Nadharia yote ni hii tu, lakini isome polepole.

Nyeupe ni ya rais. Ya buluu ni ya gavana. Hao wawili ndio wanaotumia pesa na kuajiri. Nne zilizobaki ni za wanaowachunga.

Ya kijani ni ya mbunge na ya zambarau ni ya mwakilishi wa kike. Watu huichukulia hii ya zambarau kama zawadi ya kina mama, wakampa yeyote aliyewaletea leso. Mwakilishi wa kike huketi katika Bunge la Taifa, na kura yake juu ya ushuru, bajeti na uteuzi wa mawaziri ina uzito ule ule wa mbunge. Maana yake kila mpiga kura ana watu wawili mle ndani, si mmoja. Bunge hilo lina wabunge 349 ukimwacha Spika: 290 wa maeneo bunge, 47 wa kaunti na 12 wa kuteuliwa. Theluthi mbili ni 233. Upande wenye 233 huko, pamoja na maseneta 45 kati ya 67, unaweza kubadilisha sehemu kubwa ya Katiba bila kumwuliza mwananchi.

Ya manjano ni ya seneta. Hugawa pesa kati ya serikali kuu na kaunti, hukagua matumizi ya kaunti, na Seneti ndiyo husikiliza kesi gavana akitimuliwa na bunge lake.

Ile ya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai ni ya mwakilishi wadi. Hii ndiyo karatasi inayodharauliwa kuliko zote, nasi tunasema ndiyo ya kuanzia. Bunge la kaunti hupitisha bajeti ya gavana, huwahoji mawaziri wake kabla ya kuapishwa, na hoja ya kumwondoa huanzia humo: theluthi moja ya wajumbe waiunge mkono ili isomwe, theluthi mbili waipitishe. Kaunti ya Lamu ina wadi 10 tu. Faza, Kiunga na Basuba ziko Lamu Mashariki. Shella, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu na Bahari ziko Lamu Magharibi. Wadi moja ni sehemu ya kumi ya viti vya kuchaguliwa. Kilifi ina wadi 35, na eneo bunge la Malindi lina tano: Jilore, Kakuyuni, Ganda, Malindi Mjini na Shella.

Tena viti vya kuteuliwa hugawanywa kwa vyama kulingana na idadi ya wadi walizoshinda. Kwa hiyo wadi moja ikihama, huhama na sehemu ya kiti cha kuteuliwa juu yake.

Hatua kwa hatua

1. Andika sentensi moja ya unachotaka kuzuia.

"Nataka mabadiliko" haitoshi. Andika kitu kinachopimika: "Chama cha gavana kisipate nusu ya bunge la kaunti." Au: "Upande wowote usifike 233 Nairobi." Au: "Mawaziri wa kaunti wahojiwe na watu wasiowadai fadhila." Kama huwezi kuiandika sentensi hiyo, piga kura kwa moyo wako, nayo ni haki yako.

Kuhusu kaunti, lengo zuri ni hili: chama cha gavana kisiwe na wingi wa wajumbe, na wakati huo huo upande wa pili usiwe na theluthi mbili peke yake. Wapinzani wakiwa na theluthi mbili, hoja ya kumtimua gavana hugeuka mnada. Hutolewa asubuhi, jioni yanafanyika mazungumzo, kesho imefutwa, na barabara ya wadi fulani imepata lami.

2. Chagua karatasi mbili, au tatu mwisho.

Tatizo lako likiwa pesa za kaunti (zahanati, maji, chekechea, masoko), kura zako za hesabu ni ya mwakilishi wadi kwanza, kisha ya seneta. Likiwa ushuru na sheria za nchi, ni ya kijani na ya zambarau. Zilizobaki mpe umpendaye. Anayetaka kuzipigia hesabu zote sita hupotea njiani, na siku yenyewe huzichanganya.

Kosa linalorudiwa sana: kumwadhibu mtu kwa kosa la mwingine. Kisima hakina maji, mtu anamnyima kura mbunge. Maji ni ya kaunti. Shule ya sekondari haina walimu, anaadhibiwa gavana. Walimu hao ni wa serikali kuu.

3. Piga hesabu ya pengo.

Chukua matokeo yaliyopita ya kiti ulichochagua. Andika kura za wa kwanza, wa pili, wa tatu. Toa za wa pili kutoka kwa za wa kwanza, hilo ndilo pengo. Kisha ulinganishe pengo na kura za wa tatu.

Mfano, wadi ya kubuni:

Mgombea A 1,840
Mgombea B 1,610
Mgombea C 720
Mgombea D 90

Pengo ni 230. Mgombea C ana 720, zaidi ya mara tatu ya pengo. Wapiga kura 240 wa C wakimwendea B, B anapata 1,850 na A anabaki na 1,840. Theluthi moja tu ya watu wa C imetosha kumwangusha A. Sasa angalia waliojiandikisha: tuseme 6,100. Waliopiga ni 4,260. Waliobaki nyumbani ni 1,840, sawasawa na kura za mshindi. Yaani A alifungana na watu waliolala.

Kanuni ya vitendo:

- Pengo likiwa dogo kuliko kura za wa tatu, shughulika na watu wa wa tatu.
- Pengo likiwa kubwa kuliko za wa tatu lakini dogo kuliko nusu ya waliokaa nyumbani, shughulika na waliokaa nyumbani.
- Pengo likizidi hayo yote, achana na kiti hicho. Nguvu zako zipeleke karatasi nyingine.

Anayesema mambo haya hutokea Ulaya tu, mwambie aangalie hapa hapa. Ugavana wa Lamu 2017 uliamuliwa kwa pengo lisilofika kura 200, kaunti nzima. Magarini, ng'ambo ya mto Sabaki ukitoka Malindi, kiti cha ubunge 2022 kilitangazwa kwa tofauti ya kura 21. Kesi yake ilifika hadi Mahakama ya Juu, uchaguzi ukarudiwa Novemba 27, 2025. Kura 21 ni abiria wa matatu moja na nusu.

4. Pima nani ana nguvu sasa, si nani ana kelele.

Matokeo ya zamani ni ramani ya jana. Ya leo huonekana kwenye mambo ya kuchosha: mgombea ana mawakala wa kusimama katika vituo vingapi? Ana watu wake Basuba na Kiunga, au ana fulana uwanjani Mkunguni, mjini Amu, tu? Msafara wa bodaboda 80 hupimwa kwa bei ya petroli.

Kura za maoni za redio na magazeti usizitumie. Wanapohoji nchi nzima, watu wa Lamu huwa wachache mno hivi kwamba idadi yao haisemi lolote juu ya wadi yako. Fanya uchunguzi wenu. Gawaneni sehemu tano zenye watu tofauti: gatini, soko la samaki, nje ya msikiti baada ya swala, chama cha akina mama, na kijiji cha wakulima kama mnayo wadi ya bara. Kila mmoja aulize watu 20. Usiulize "Wewe utampa nani?" Huyo atakujibu kwa adabu tu. Uliza: "Watu wa hapa watampa nani?" Mtu husema kweli zaidi akimsema jirani.

Mkishamaliza mtakuwa na majibu 100. B na C wakiwa karibu sana kwenye majibu hayo, msianze kumhamisha mtu bado. Kuhama mapema kwenda kwa mtu asiye wa pili ndiyo njia ya haraka ya kumpa A miaka mitano mingine.

Na usihesabu kabila au ukoo ukadhani umehesabu kura. Nyumba moja ya Amu yaweza kuwa na kura tatu kwa watu watatu, na mama mwenye nyumba hajui.

5. Hakikisha wa kuzuia atazuia kweli.

Hapa ndipo hesabu nyingi nzuri hufia. Mnampeleka mtu akawe breki, mwaka wa pili amekuwa abiria. Angalia mambo manne.

Kwanza, chama chake kimefungamana na nani. Mikataba ya miungano hupelekwa kwa Msajili wa Vyama, si siri ya mtu. Na miungano huhama. Mwaka 2022 chama cha PAA, kilichozaliwa huku Kilifi, kilianza ndani ya muungano wa Azimio, na mwezi Mei kikavuka kwenda ule ulioshindana nao, Kenya Kwanza, miezi mitatu kabla ya kura. Aliyekuwa ameshapanga hesabu yake Aprili ilimbidi aipange upya. Machi 7, 2025 UDA, chama cha rais, na ODM, kilichokuwa upinzani, zikatia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja. Waliochagua mbunge wa ODM 2022 ili aibane serikali walimkuta upande wa pili wa meza bila yeye kuhama chama. Katiba humnyang'anya kiti mbunge anayejiuzulu chama chake. Haimgusi ambaye chama chake chote kimehama naye.

Pili, kama amewahi kuketi, alipiga kura vipi? Mswada wa Fedha wa Juni 25, 2024 ulipitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106. Mbunge wako na mwakilishi wako wa kike walikuwa upande gani, au hawakuwepo? Swali hilo halina "lakini".

Tatu, ana zabuni na kaunti? Mwakilishi wadi ambaye shemeji yake huiuzia kaunti saruji hatamhoji waziri wa ujenzi.

Nne, anaweza kuchukuliwa? Malindi wanalijua hili. Mbunge wao Dan Kazungu, aliyechaguliwa kwa ODM, aliteuliwa waziri na serikali ya Jubilee mwishoni mwa 2015. Waziri hawezi kuwa mbunge, kiti kikawa wazi, uchaguzi mdogo ukafanyika Machi 7, 2016, na ODM ikakitetea. Mtu alichukuliwa, kiti kikabaki. Kwa hiyo angalia pia kama chama chenyewe kina mizizi ya kutosha kukirudisha kiti, au kilikuwa ni mtu mmoja tu na bango lake.

Mgombea huru ana faida na hasara. Hafungwi na kiongozi wa chama. Lakini pia hakuna wa kumuuliza akianza kuelea.

6. Patana na watu wa mgombea wa tatu, bila pesa.

Wiki tatu kabla ya kura, kaeni barazani na wafuasi wa C. Msiwaambie mtu wao hafai. Waambieni hesabu, muwaonyeshe karatasi ya hatua ya 3, kisha muwape kitu: "Tusaidieni kwenye wadi, sisi tutampa seneta wenu." Kubadilishana kura namna hii ni mazungumzo ya raia tu.

Pesa, unga, leso au mafuta ya boti vikishaingia, imekuwa hongo. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea, na adhabu yaweza kufika faini ya shilingi milioni 2 au kifungo cha miaka 6, au vyote viwili. Msiandike orodha ya majina ya nani atampa nani. Msimwombe mtu apige picha karatasi yake aje awaonyeshe. Kura ni siri hata kwa rafiki, na picha hiyo ndiyo stakabadhi ya wanunuzi wa kura.

Siku ya mwisho ya kuamua iwe Jumapili kabla ya kura. Ikifika hapo na bado haijulikani nani ni wa pili, kila mtu arudi kwa mtu wake.

7. Panga safari kwa maji, si kwa saa.

Agosti ni msimu wa upepo wa kusi. Bahari ya nje huwa chafu, na boti za Pate, Siyu na Faza zikipita mlangobahari wa Mkanda hutegemea maji kujaa. Maji yakipwa, boti kubwa hukwama kwenye matope na kura yako inakaa humo pamoja nawe. Angalia jedwali la maji ya wiki hiyo mapema, ulipe nafasi yako, uvuke Jumatatu. Anayetoka Malindi kwenda kupiga kura Witu au Hindi aondoke Jumatatu pia. Barabara ya Garsen siku ya kura haina gari la kulisubiri.

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na hufungwa saa kumi na moja jioni. Ukiwa kwenye foleni saa kumi na moja ikigonga, utapiga kura. Usikubali kuondoshwa.

8. Ndani ya kituo.

Utaweka kidole kwenye KIEMS, mtambo wa kutambua wapiga kura, upewe karatasi sita zenye muhuri. Kariri mapema kwa mpangilio wa rangi: ya buluu fulani, ya manjano fulani. Kariri sura na alama ya chama pia, maana majina hufanana.

Alama moja, kwenye kisanduku cha mtu mmoja, kila karatasi. Usitie saini, usiandike jina lako, usiandike dua wala tusi. Karatasi inayomtambulisha mpiga kura hukataliwa, na yenye alama kwa wagombea wawili hukataliwa vile vile. Ukikosea kabla hujaitia sandukuni, irudishe kwa msimamizi upewe nyingine. Si aibu. Kunja kila karatasi peke yake na uitie kwenye sanduku lenye kifuniko cha rangi yake.

Mzee asiyeona vizuri au asiyesoma anaruhusiwa kuja na msaidizi wake mwenyewe. Mpeleke mjukuu anayemwamini. Asipokuwa na mtu atasaidiwa na msimamizi mbele ya mawakala, na hapo siri imekwisha.

9. Kaa mpaka fomu ibandikwe.

Kura huhesabiwa pale pale kituoni, ya rais kwanza. Nyingine, ya mwakilishi wadi ikiwemo, huweza kufika usiku mkubwa, wakati mawakala wanasinzia. Wekeni zamu. Fomu 34A ni ya rais, 35A ya mbunge, 36A ya mwakilishi wadi, 37A ya gavana. Hubandikwa mlangoni kwa umma, na kuzipiga picha hizo ni ruhusa. Jumlisheni za wadi nzima wenyewe, mlinganishe na kitakachotangazwa.

Urais una hesabu yake

Usiitumie kanuni ya hatua ya 3 kwenye karatasi nyeupe. Viti vingine vitano, mwenye kura nyingi ndiye mshindi hata akiwa na asilimia 30. Rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika kaunti 24. Asipofika, kuna duru ya pili ya wawili wa juu. Kwa hiyo duru ya kwanza kumpa mgombea mdogo si kuitupa kura: kila kura ya aina hiyo inamsogeza wa mbele mbali na nusu. Mwaka 2013 mshindi alitangazwa na asilimia 50.07. Kura ya hesabu yenyewe ni ya duru ya pili, nayo Kenya haijawahi kuifika.

Mambo yakikwama

*Jina langu halimo.* Mara nyingi uko chumba kisicho chako. Kituo kimoja hugawanywa vyumba kwa herufi za majina, na 2022 hakuna chumba kilichopangiwa zaidi ya watu 700. Angalia orodha za milango yote kabla ya kugombana.

*Mtambo hausomi kidole.* Huwapata sana wavuvi, wakata mikoko na wachonga mawe, vidole vimelika. Nawa mikono, ikauke, jaribu vidole vingine. Ikishindikana, karani atakutafuta kwa namba ya kitambulisho, ujaze Fomu 32A mbele ya mawakala, upige kura. Usiondoke kwa sababu mtambo umekataa.

*Wawili wa mbele wote ni wa upande ule ule.* Karatasi hiyo haibani kitu tena. Mpe asiye na deni kwa gavana, kisha nguvu uzihamishie karatasi nyingine. Uchaguzi unaofuata ingieni mapema kwenye mchujo wa vyama, maana huko ndiko kiti hicho kinakoamuliwa.

*Mgombea wetu amejitoa wiki ya mwisho.* Karatasi zimeshachapishwa, sura yake itabaki pale na watu watamchagua. Hii ndiyo hila kongwe ya kugawa kura. Tangazeni kwa mdomo, mtaa kwa mtaa, msitegemee redio.

*Wanasema wadi ikichagua upinzani haitapata maendeleo.* Bajeti ya kaunti ni sheria, si mfuko wa mtu. Makadirio hufikishwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na lazima wananchi wasikilizwe. Nendeni na mradi mmoja ulioandikwa, wenye mahali na kiasi. Wadi inayoambiwa "subirini" mara nyingi haikupeleka karatasi yoyote.

*Jumla yetu hailingani na iliyotangazwa.* Hesabuni tena kwanza, mara nyingi kuna kituo mmekiruka. Ikiwa bado, picha za fomu zote ziwekwe mahali pawili. Kesi ya mbunge, seneta, mwakilishi wa kike au gavana hupelekwa Mahakama Kuu, ya mwakilishi wadi kwa hakimu, ndani ya siku 28. Ya rais ni siku 7, katika Mahakama ya Juu. Wakili atawauliza fomu ya kituo gani, tarakimu gani, nani aliiona. Kama jibu ni "watu wanasema", atawapa chai mrudi nyumbani.